Upasuaji wa mgongo baada ya maumivu sugu: lini unafaa, lini utakuacha palepale (uzi)

Pingili Tano (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali la "nipasuliwe mgongo au niendelee kuvumilia" linaulizwa kila siku, na majibu mengi ni ya kutishana. Huyu anasema ukiguswa mgongo utapooza, yule anasema ukichelewa utapooza. Mtu ambaye ameumwa mwaka mzima anaondoka na hofu mbili badala ya moja. Naomba uzi huu uwe wa wanaoijua kazi yenyewe: fizio (wataalamu wa tiba ya mazoezi), manesi wa wodi na thieta, watu wa usingizi, wapasuaji. Tuweke maelezo ambayo mgonjwa anaweza kwenda nayo kliniki na kuyatumia.

Naanza na hili, kwa sababu likieleweka nusu ya uamuzi imekwisha. Upasuaji wa mgongo una kazi mbili kubwa: kuondoa kitu kinachobana neva, na kutuliza pingili za uti wa mgongo zinazoteleza au kucheza. Kwa hiyo la kwanza kujiuliza ni wapi panauma zaidi, mgongoni au mguuni. Maumivu yanayoanzia kwenye tako, yakashuka nyuma au pembeni mwa paja hadi chini ya goti, yanapiga shoti na kuacha ganzi, hayo ni ya neva, na hayo ndiyo upasuaji huyaweza. Maumivu yanayoishia kiunoni, bila chochote mguuni, upasuaji huyapunguza mara chache na kwa kubahatisha. Ndiyo maana mtu wa kundi hili la pili akipasuliwa anaweza kuamka na maumivu yaleyale pamoja na kovu juu yake.

La pili: vitu vitatu lazima vielekeze kidole mahali pamoja. Anachosema mgonjwa, anachokuta daktari akimpima kwa mikono, na kinachoonekana kwenye picha ya MRI. Vikikubaliana vyote vitatu, matokeo huwa mazuri. Kikigoma kimoja, simama kwanza.

Mfano. Diski ni mito laini iliyo kati ya pingili, na zinazotoka zaidi ni mbili za chini kabisa: L4/L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) na L5/S1 (kati ya hiyo ya tano na mfupa wa sakramu ulio chini yake). Neva ya L5 ikibanwa, maumivu hupita upande wa nje wa mguu, yakavuka juu ya wayo hadi kidole gumba, na kidole hicho hushindwa kunyanyuka vizuri. Neva ya S1 ikibanwa, maumivu hupita nyuma ya shavu la mguu hadi ukingo wa nje wa wayo, mtu hushindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, na kano ya kisigino ikigongwa kwa kinyundo wayo haustuki. Sasa MRI ikionyesha diski imetoka upande wa kushoto huku mguu unaouma ni wa kulia, diski hiyo si mkosaji, hata iwe kubwa kiasi gani.

---

Fizio Mtaani

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea kipimo ambacho kila mgonjwa anapaswa kufanyiwa kabla ya neno "operesheni" kutajwa. Unalala chali, mpimaji ananyanyua mguu wako ukiwa umenyooka, goti halikunjwi. Shoti ikishuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, neva inavutwa mahali ilipobanwa. Ukihisi tu kuvutwa nyuma ya paja, hiyo ni misuli iliyokaza, haihesabiwi. Na ikiwa kunyanyua mguu usiouma kunaleta shoti kwenye mguu mgonjwa, hiyo ni dalili nzito zaidi ya diski iliyotoka.

Nguvu nayo ipimwe kwa kulinganisha miguu yote miwili. Tembea hatua 10 kwa visigino, kisha 10 kwa ncha za vidole. Simama kwa mguu mmoja unyanyue kisigino mara 10, kisha badilisha. Mguu mmoja ukichoka mara ya nne na mwenzake ukafika 10, huo ni udhaifu, hata kama mwenyewe ulikuwa hujaugundua.

Kuna magonjwa yanayojifanya mgongo, na haya huwapeleka watu thieta bure. Nyonga iliyochakaa huleta maumivu kwenye kinena na paja, na mtu hushindwa kuvaa soksi kwa sababu nyonga haizunguki. Mishipa ya damu ya miguu ikiziba, shavu la mguu linauma ukitembea na kutulia ukisimama tu, wakati mtu ambaye mfereji wa uti wake umekuwa mwembamba hapati nafuu kwa kusimama, lazima akae au ainame mbele. Huyu wa mfereji mwembamba anaweza kuendesha baiskeli vizuri kwa kuwa ameinama, lakini akitembea mita 200 miguu inamwishia. Mapigo ya damu kwenye wayo yashikwe. Ni kazi ya nusu dakika. Kisukari na upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi ya miguu yote miwili inayoanzia vidoleni kwenda juu, na hiyo haiondolewi kwa kisu.

---

Mgongo Mzito

Shukrani wakuu. Swali: ripoti nyingi za MRI zinaandikwa "diski za L3/L4, L4/L5 na L5/S1 zimepoteza maji na kutuna, faseti zimechakaa" (faseti ni viungo vidogo vya nyuma ya pingili). Mtu akisoma hivyo anaona mgongo wake umekwisha. Je, ripoti ya namna hiyo peke yake inatosha kumpeleka mtu kwenye upasuaji?

---

Picha na Maana

Haitoshi, ndugu, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotuna zilikuwa asilimia 30 kwa vijana hao na 84 kwa wazee. Narudia: watu wasioumwa. Maneno kama "zimechakaa", "zimepoteza maji", "zimetuna kidogo" ni ya umri, kama mvi.

Kwenye ripoti tafuta vitu hivi. Je, inataja neva kwa jina na upande, mfano "inabana neva ya S1 ya kushoto"? Kugusa na kubana ni vitu viwili tofauti. Je, diski imetuna tu, au kiini kimepasua ukuta na kutoka, au kipande kimekatika kabisa na kuhama? Je, mfereji wa kati umebanwa kiasi gani? Je, kuna pingili iliyoteleza mbele ya mwenzake? Hilo la mwisho litazamwe pia kwa eksirei ukiwa umesimama, moja ukiinama mbele na moja ukijinyoosha nyuma, kwa sababu MRI hupigwa umelala na pingili inayocheza inaweza kurudi mahali pake.

Halafu jambo linalowashangaza wengi: kipande kikubwa kilichotoka kabisa ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kunywea chenyewe, kwa sababu mwili hukiona kama kitu kigeni na kukila polepole kwa miezi kadhaa. Diski iliyotuna kidogo ndiyo hukaa vilevile. Kwa hiyo ukubwa kwenye picha si sababu ya kukimbilia thieta kama nguvu za mguu ziko sawa na maumivu yanapungua.

Picha iliyopita mwaka mmoja usiitumie kuamulia. Ipigwe mpya.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kabla hamjaendelea na mambo ya kusubiri, lazima hili liandikwe wazi, maana kuna watu hawana ruhusa ya kusubiri hata kesho.

Ganzi kwenye sehemu zinazogusa kiti: sehemu za siri, katikati ya mapaja, kuzunguka njia ya haja kubwa. Ukijipangusa chooni huhisi karatasi au maji. Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au unahisi kibofu hakiishi mkojo. Haja kubwa inatoka bila taarifa. Nguvu za tendo la ndoa zimekatika ghafla. Shoti au udhaifu kwenye miguu YOTE MIWILI. Hata dalili moja kati ya hizi ikianza kwa mtu mwenye mgongo, aende hospitali sasa hivi, si kliniki ya wiki ijayo. Fungu zima la neva za chini limebanwa, na saa zinahesabika. Upasuaji ukifanyika mapema, hasa kabla mkojo haujagoma kabisa, kibofu huwa na nafasi ya kupona. Ukichelewa, mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Ukifika mapokezi usiseme "mgongo unauma", utapangwa foleni ya wote. Sema "nina ganzi sehemu za siri na mkojo hautoki". Waombe wapime kwa ultrasaundi mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Ukizidi mililita 200, wasiwasi ni mkubwa na MRI ifanyike haraka.

Wayo unaoanguka ghafla, yaani unaburuza vidole ukitembea, nao uonwe ndani ya siku chache. Na homa, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, au maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umetulia: hapo kinatafutwa kifua kikuu cha mgongo, usaha, au uvimbe. Hiyo ni njia nyingine kabisa ya matibabu.

---

Pingili Tano

Asante dada, hilo libaki juu kabisa.

Sasa kwa wasio na dharura. Muda una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwachukua watu 283 wenye shoti kali ya mguu ya wiki 6 hadi 12. Nusu wakapangiwa upasuaji wa mapema, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye wakishindwa. Waliopasuliwa mapema walipona haraka, wastani wa wiki 4 dhidi ya 12. Lakini mwaka mmoja ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Na asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa. Maana yake kwa mtu wa wiki ya nane ni kwamba upasuaji unakununulia muda, na mwisho wa safari unaweza kuwa uleule.

Kwa aliyekaa na shoti miezi mingi hali inabadilika. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2020 ulihusu watu 128 wenye maumivu ya mguu ya miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita, kwa kipimo cha 0 hadi 10, waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya 2.8 na wasiopasuliwa 5.2. Hiyo si tofauti ndogo. Kwa hiyo mtu mwenye diski iliyothibitishwa kubana neva, ameshapita miezi minne na hapati nafuu, asifarijiwe tu kwamba "itapona yenyewe".

---

Fizio Mtaani

Nakubali, ila "nimejaribu kila kitu" ya wengi ukiichunguza ni vidonge, kuchuliwa na kulala kitandani. Kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli na hakuponyeshi neva. Matibabu ya bila kisu yakifanywa sawasawa ni wiki 6 hadi 12 za mazoezi yanayopandishwa ngazi: kwanza mkao na mwelekeo unaorudisha maumivu kutoka mguuni kwenda kiunoni (hiyo ni ishara njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda), kisha misuli ya tumbo, matako na mgongo, kisha kubeba na kuinama taratibu. Kutembea kila siku kuongezwe kwa dakika, si kwa hamu.

Dawa nazo. Ibuprofeni na diklofenaki zina nafasi kwa muda mfupi kama figo, tumbo na presha viko sawa. Pregabalini huandikwa sana kwa shoti ya mguu, lakini jaribio la mwaka 2017 la wagonjwa 209 halikuikuta ikishinda kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kiliongezeka. Anayeitumia asiikate ghafla, apunguziwe na daktari.

Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) kando ya neva inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa na kumpa mtu nafasi ya kufanya mazoezi. Faida yake nyingine ni ya upelelezi: dawa ya ganzi ikiwekwa kwenye neva moja tu, maumivu yakazimika kwa saa chache, mpasuaji amepata ushahidi kwamba neva hiyo ndiyo yenyewe. Yasipozimika, afikirie upya.

---

Kisu na Darubini

Niongelee operesheni zenyewe, maana neno "upasuaji wa mgongo" linabeba vitu vilivyo mbali sana.

Kuondoa kipande cha diski kwa darubini: mkato wa sentimita 2 hadi 4, misuli inasogezwa pembeni, dirisha dogo linafunguliwa kwenye mfupa, neva inasogezwa, na kile kilichotoka kinaondolewa. Diski yenyewe inabaki. Kwa kawaida ni kama saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Kwa kuwa diski inabaki na tundu lake, kati ya watu 100 kama 5 hadi 15 hutokewa tena pale pale, mara nyingi miezi ya mwanzo.

Kupanua mfereji uliobana, laminektomi: hapa mfupa wa nyuma na kano nene vinapunguzwa ili neva zipate nafasi. Hii ni ya wale wanaoinama mbele ili waweze kutembea. Kipimo cha mafanikio ni umbali wa kutembea na kusimama, siyo kiuno kuacha kuuma.

Kuunganisha pingili: kila ngazi moja (yaani pingili mbili zinazofuatana) kwa kawaida skrubu nne za titani, vyuma viwili vya kuziunganisha, mara nyingi na kizimba kinachowekwa mahali pa diski, na mfupa uliosagwa. Watu hudhani skrubu ndizo zinazounganisha. Skrubu hushikilia tu, kinachounganisha ni mfupa kuota kati ya pingili, na hilo huchukua miezi 3 hadi 6 kuanza kushika na hadi mwaka kukomaa. Mfupa usipoota, skrubu hulegea au kukatika, na hapo operesheni ya pili inanukia. Pia pingili za juu na chini ya zilizofungwa hubeba mzigo wa ziada, na miaka inavyopita zinaweza kuchakaa kwa kasi.

Mgonjwa atoke kliniki anajua ni ipi kati ya hizi tatu anayoambiwa, ngazi gani, upande gani. Kama hawezi kuitaja, bado hajaelezwa.

---

Mgongo Mzito

Mkuu, hapo kwenye kuunganisha. Mtu akiambiwa apanuliwe mfereji NA aunganishwe kwa pamoja "ili iwe imara", akubali?

---

Kisu na Darubini

Aulize kwanza imara dhidi ya nini. Sweden walilijaribu hilo na kuchapisha mwaka 2016: watu 247 wenye mfereji mwembamba kwenye ngazi moja au mbili, wengine wakapanuliwa tu, wengine wakapanuliwa na kuunganishwa. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana, hata kwa wale ambao pingili ilikuwa imeteleza. Waliounganishwa walivuja damu zaidi na kulala hospitali muda mrefu zaidi.

---

Picha na Maana

Tusiifanye kuwa sheria ya wote lakini. Pingili inayocheza waziwazi kwenye eksirei za kuinama na kujinyoosha, mfupa uliovunjika, mgongo uliopinda kwa kiasi kikubwa, uambukizi au uvimbe uliokula mfupa, au pale ambapo kupanua kunalazimu kuondoa faseti nzima: hapo kuunganisha kuna sababu. Aliyeteleza kidogo na hachezi ndiye anayepaswa kuuliza maswali.

---

Kisu na Darubini

Tuko pamoja hapo. Sababu iwe inaonekana kwenye picha na mgonjwa aonyeshwe. Akiambiwa "diski imechakaa, tuiunganishe" na hana shoti mguuni, akatafute maoni ya pili kwa mpasuaji asiyefanya kazi na yule wa kwanza.

Mpasuaji aulizwe kwa ukarimu, lakini aulizwe. Maumivu yapi yataondoka, ya mguu au ya mgongo, na kwa kiasi gani? Nisipofanya, miezi sita ijayo itakuwaje? Wewe mwenyewe operesheni hii unaifanya mara ngapi kwa mwezi? Isipofaulu, hatua inayofuata ni ipi? Jibu la swali la mwisho linaonyesha mengi kuhusu anayekujibu.

---

Usingizi Salama

Upande wa maandalizi. Utalazwa kifudifudi chini ya nusukaputi, kwa hiyo timu ya usingizi inajali macho, kifua na mabega yako. Sema kama una pumu, kama unakoroma na kukatika pumzi usiku, kama bega halinyanyuki, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata homa kali au kufa kwenye nusukaputi. Hilo la mwisho watu hulisahau, na linabadilisha dawa tunazotumia.

Sigara: iachwe angalau wiki 4 kabla. Kwa anayeunganishwa pingili, akae mbali nayo miezi kadhaa baadaye pia, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo ya damu na mfupa unakataa kuota. Wapasuaji wengi hawamuunganishi mvutaji kabisa, na wana haki.

Sukari: wengi wanataka HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) iwe chini ya asilimia 7.5 hadi 8. Juu ya hapo kidonda kinachelewa na usaha unakaribia. Upungufu wa damu utibiwe kabla. Jino bovu, jipu, au uambukizi wa mkojo vimalizwe kwanza, hasa kama vyuma vitawekwa, kwani bakteria wakishakaa kwenye titani kuwatoa ni vita.

Dawa za kuzuia damu kuganda zipangwe na daktari aliyeziandika pamoja na mpasuaji. Warfarini kawaida husimamishwa siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7. Usiamue peke yako, kwa mtu mwenye chuma kwenye moyo kuacha ghafla kunaweza kuua. Virutubisho vya kitunguu saumu na ginko viachwe wiki mbili kabla. Anayemeza tramadoli au morfini kila siku apunguziwe taratibu kabla ya operesheni kama inawezekana, maana baada ya hapo maumivu yake huwa magumu kuyatuliza. Na aseme kiasi halisi anachomeza. Akificha, tutampa dawa pungufu.

Chakula kigumu mwisho ni muda wa saa sita kabla ya operesheni, maji matupu hadi muda wa saa mbili kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Usijinyoe mgongo kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo midogo ni mlango wa bakteria.

---

Kisu na Darubini

Mambo yanayoharibika na kwa nini. Utando unaofunika neva unaweza kutoboka na maji yake kuvuja, zaidi kwa aliyewahi kupasuliwa hapo kwa sababu ya makovu. Kwa kawaida hushonwa palepale na mgonjwa hulazwa muda kidogo zaidi. Uambukizi, damu kuganda miguuni, neva kujeruhiwa. Kupooza ambako kila mtu anakuogopa si jambo la kawaida kwenye operesheni za kiuno, kwani uti wa neva wenyewe huishia karibu na L1 au L2 na chini yake ni neva tu.

Kupasua ngazi isiyo yenyewe kunatokea, na sababu moja inajulikana. Watu wengine wana pingili sita za kiuno badala ya tano, au ya tano imeshikana na sakramu. Anayesoma MRI akihesabu kutoka chini na mpasuaji akahesabu vingine, wanatofautiana kwa ngazi moja. Kinga yake: sindano inawekwa mgongoni, eksirei inapigwa hapo hapo thieta, ngazi inahakikishwa kwa picha kabla ya mfupa kuguswa. Ripoti yako ikitaja pingili isiyo ya kawaida mpakani, mkumbushe mpasuaji siku anayokuwekea alama.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Baada ya thieta. Kutoka kitandani ndiko watu wanakoharibu. Usijikunje na kunyanyuka mbele. Ukiwa chali, kunja magoti. Geuka upande, mabega na nyonga vikienda pamoja bila kiuno kujisokota. Sogea ukingoni. Shusha miguu nje ya kitanda huku ukijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu, vyote kwa wakati mmoja. Kaa dakika moja kabla ya kusimama, maana kizunguzungu cha siku ya kwanza kimewaangusha wengi. Kurudi kulala, fanya kinyumenyume.

Wiki za mwanzo: kutoinama, kutojipinda, kutobeba zaidi ya kilo 2 au 3. Mtoto mdogo ni zaidi ya hapo. Aletwe mapajani ukiwa umekaa. Kukaa dakika 20 hadi 30, kisha inuka. Kutembea mara nyingi kwa muda mfupi, dakika 5 hadi 10, kisha ongeza. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ya kwanza. Kujikamua chooni kunapandisha shinikizo kwenye diski. Usiendeshe gari ukiwa bado unameza dawa zinazosinziisha, wala kabla hujaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14 kama si za kuyeyuka. Piga simu hospitali ukiona usaha, homa, wekundu unaopanuka, maji yasiyo na rangi yanayolowesha bandeji, kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala (huo unaweza kuwa uvujaji), shavu la mguu limevimba upande mmoja, mkojo unagoma, au udhaifu mpya. Kifua kikibana au pumzi zikikatika, nenda dharura.

Kazi ya kukaa ofisini, wengi hurudi wiki 2 hadi 6 baada ya kuondolewa kipande cha diski. Kazi nzito wiki 8 hadi 12. Waliounganishwa ni miezi 3 hadi 6.

---

Mgongo Mzito

Swali la mwisho kutoka kwangu. Shoti ikiondoka lakini ganzi ikabaki kwenye wayo, je, operesheni imeshindwa?

---

Fizio Mtaani

Hapana. Kwa kawaida shoti hutangulia kuondoka, wakati mwingine mgonjwa akiamka tu. Nguvu hufuata kwa wiki na miezi. Ganzi huwa ya mwisho. Neva iliyobanwa tu hupona haraka kuliko iliyokatika nyuzi zake za ndani, ambayo huota kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi wayoni ni mbali. Kilichobaki baada ya miezi 12 hadi 18 mara nyingi kitabaki. Na shoti ikirudi kidogo siku ya tatu hadi wiki ya pili, kwa kawaida ni uvimbe wa ndani ambao hupoa. Ikirudi kwa nguvu zilezile na kukaa, mpasuaji aone kama diski imetoka tena.

Wayo ukiwa dhaifu, uliza kifaa cha kuushikilia usiburuze wakati neva inasubiriwa, na kila siku nyoosha kifundo kwa mkono au mkanda ili kano ya kisigino isifupike. Wayo wenye ganzi utazamwe kila jioni, chini na katikati ya vidole, kwa kioo kama huwezi kuinama. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko kwanza, si kwa mguu.